Siku Dudu Vule Waliponyamaza

Mimi nilipokuwa mtoto, kosa kubwa kuliko yote nyumbani kwetu halikuwa kuvunja sahani wala kuchelewa kurudi kutoka madrasa. Lilikuwa kumpiga dudu vule. Ungeweza kuua mende, panya, hata nge ukimkuta bafuni, lakini yule mdudu mnene anayefanana na nyuki, mweusi, mwenye mkanda mweupe mgongoni, hakuguswa. Waliishi ndani ya boriti ya baraza yetu. Matundu yao yalikuwa ya mviringo safi, kama yametobolewa na fundi mwenye kekee, na kila asubuhi chini yake palikuwa na vichuguu vidogo vya unga wa mbao.

Nyumba ilikuwa Kariakoo, katika mmoja wa ile mitaa ambayo sasa imejaa maghorofa. Wakati ule bado zilikuwepo nyumba za chini za vyumba sita, korido katikati, ua nyuma na baraza mbele. Yetu aliijenga Babu, aliyekuwa mchukuzi bandarini. Ile boriti ndefu iliyobeba paa la baraza kutoka nguzo hadi nguzo aliipandisha kwa mikono yake mwenyewe. Sikumkuta. Nilichokijua juu yake ni kwamba alifariki, na kwamba kabla arobaini yake haijasomwa dudu vule wa kwanza alikuja, akazunguka barazani, akaanza kutoboa.

Bibi, mama yake baba, alitoka Kilwa akiwa mwari, na mambo ya namna hiyo alikuja nayo. Alikuwa akikaa barazani asubuhi na kikombe chake cha kahawa, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza mvumo ndani ya mbao.

"Dudu vule hakai nyumba isiyo na mwenyewe," alituambia. "Ukimsikia, jua mwenyewe yupo. Siku akinyamaza, mwenyewe kaondoka. Na nyumba isiyo na mwenyewe huanguka."

Hakusema kwa kututisha. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba chumvi imekwisha. Labda ndiyo maana niliamini sana.

Aliyekuwa haamini ni Fundi Komba. Huyu alikuwa fundi cherehani kutoka Songea, mtu wa makamo, mpole, Mkristo, aliyepanga sehemu ya baraza yetu kwa kazi yake. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa chini kabisa ya boriti, mahali penye mwanga mzuri. Kazi yake ya kwanza kila siku ilikuwa kufagia ule unga wa mbao usiingie kwenye nguo za watu. Mara nyingi nilimsikia akimwambia Bibi maneno yaleyale, kwa adabu ileile.

"Shikamoo mama. Mama, hawa wadudu wanaimaliza hii mbao. Kila mwaka wanaongeza vyumba humo ndani. Maji ya mvua nayo yanaingia. Niruhusu nimlete seremala aiangalie tu."

"Marahaba, Komba. Seremala aangalie nini? Wewe shona."

Naye alishona. Boriti aliitumia kama wafanyavyo mafundi wote: alitundika hapo sare zilizokwisha kushonwa, na majora ya vitambaa aliyafunga kwa kamba ili yasishike vumbi la sakafuni. Ukikaribia mwezi wa shule kufunguliwa, boriti ilibeba nguo za watoto wa nusu mtaa.

Ilikuwa msimu huo ndipo Mama alipougua. Baba alikuwa dereva wa malori, yuko safarini Tunduma, na nyumbani tulibaki Bibi, Mama na mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Malaria ilimlaza Mama chumba cha mbele, kile ambacho dirisha lake lilitazama barazani. Dawa alikwishapewa, lakini siku ya pili bado alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili, mchana wa jua kali, na mimi nikikaa kando ya kitanda kumfukuzia nzi kwa kipande cha boksi.

Dudu vule aliingia dirishani. Alikuwa mkubwa, mweusi, na ndani ya chumba kidogo mvumo wake ulijaa hadi kifuani mwangu. Akazunguka juu ya kitanda, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akashuka karibu na uso wa Mama, kisha akatoka. Mama hata hakufumbua macho.

Nilikimbia kumwambia Bibi. Alikuwa uani anachambua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kamzunguka mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akasema taratibu, kama anajisemea, "Kaja kumtazama." Akarudi kwenye mchele wake.

Hakuongeza neno, wala sikuuliza. Lakini kichwani mwa mtoto nusu ya maneno inatosha, nyingine hujazwa humohumo. Nilielewa kwamba Babu, ambaye sikupata kumwona, alikuwa amekuja kumtazama Mama ili amchukue. Nikaelewa pia kwamba ni mimi peke yangu niliyeweza kumzuia, kwa sababu Bibi hangemzuia mumewe.

Jioni ile Fundi Komba alikwenda kula kwa mama ntilie wa kona, Bibi akawa ndani anaswali magharibi. Dudu vule wote walikwisha kurudi matunduni. Nilichukua kipande cha sabuni ya mche kutoka bafuni, vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani, na kijiti cha mshikaki nilichokiokota barabarani nikakifuta kwa gauni. Nikapanda juu ya meza ya fundi, juu ya meza nikaweka stuli, juu ya stuli nikasimama mimi. Watu walikuwa wakipita barabarani na mizigo yao. Hakuna aliyemtazama mtoto anayecheza barazani kwao.

Kila tundu nililitia kitambaa, nikakisukuma kwa kijiti, kisha nikafunga kwa sabuni niliyoilainisha kwa mate. Ndani walisikia. Mvumo ulipanda, ukawa mkali, mbao ikatetemeka chini ya vidole vyangu, mpaka nikakaribia kuanguka kwa woga. Nilihesabu matundu kumi na saba. Kwenye tundu la mwisho kijiti kiliteleza kikachoma pembeni, kwenye mbao yenyewe, mahali ambapo hapakuwa na tundu lolote. Kikazama. Sikukisukuma kwa nguvu. Kilizama chenyewe hadi kiganja changu kikagusa boriti, kama unavyochoma kiazi kuona kimeiva. Nilipokichomoa kilikuwa na maji.

Nilishuka, nikarudisha stuli, nikanawa mikono.

Asubuhi Bibi alitoka na kahawa yake. Nilikuwa mlangoni nimeshika ufagio, namtazama. Aliinamisha kichwa kama kawaida. Akangoja. Akaweka kikombe chini, akasogea hadi chini ya boriti, akasimama pale muda mrefu, uso ameuinua. Alipogeuka, nilimwona amezeeka.

"Tatu, kamwamshe mama yako," alisema, akiniita kwa jina. "Anahama chumba."

Mama alikuwa na nafuu. Homa ilishuka usiku, na nilikuwa nimeshaanza kujisifu moyoni kwamba kazi yangu imefaa. Tulimshika mkono, mimi huku, Bibi huku, tukamhamishia chumba cha uani. Bibi alibeba godoro mwenyewe kichwani, akakataa nimsaidie. Kisha akaenda barazani kwa Fundi Komba, ambaye alikwisha kuanza kazi.

"Komba, toa vitu vyako hapa."

Fundi aliondoa mguu kwenye kikanyagio. "Kuna nini mama?"

"Wamenyamaza."

Sijasahau jinsi fundi alivyomtazama. Hakucheka. Heshima yake haikumruhusu. Alisema tu kwamba Jumatatu shule zinafunguliwa, kwamba ana sare za watoto wasiopungua thelathini ambao wazazi wao watafika kuanzia mchana, na kwamba mahali pengine penye mwanga hana. Alimwahidi kwamba Jumanne, sare zikishachukuliwa, atahamisha kila kitu na seremala ataletwa.

"Jumanne ni mbali," Bibi alisema.

"Mama, hawa ni wadudu. Huenda wamehama."

Bibi hakubishana. Aliingia ndani, akarudi na mkeka, akautandika kando ya cherehani, chini ya boriti, akaketi. Akatoa tasbihi yake.

"Basi tutakaa wote," alisema.

Fundi akaanza kushona tena. Nilisimama kizingitini nikiyasikia magurudumu ya cherehani yakienda na kusimama, yakienda na kusimama. Mimi nilijua kwa nini dudu vule walinyamaza. Katika watu wote wa mtaa ule ni mimi tu niliyejua kwamba hakuna mwenyewe aliyeondoka, kwamba Bibi ameketi pale, na miguu yake inayouma, kwa sababu ya sabuni ya mche. Aibu ilinipanda masikioni. Sikupata ujasiri wa kusema.

Labda alishona kola mbili. Kisha akasimama, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Inuka mama. Nahama. Siwezi kushona wewe ukiwa umekaa hivyo."

Aliingiza cherehani kwenye korido, akaiegemeza ukutani, akaanza kubeba nguo. Majora hakuyashusha, alisema ni mazito, atayashusha baadaye akipata mtu wa kumsaidia. Bibi akakunja mkeka wake akaingia ndani kumtazama Mama.

Karibu na adhuhuri mbingu ilifunga. Ikanyesha mvua ya kishindo, ile ambayo wenye meza barabarani hufunika bidhaa kwa turubai wakakimbia. Korido ikawa giza. Fundi Komba alikuwa ameinama mpaka pua inagusa sindano. Alikosea mshono, akafumua. Akakosea tena, akafumua tena. Mzazi mmoja alifika amejifunika mfuko kichwani, akaambiwa sare bado, akaondoka akinung'unika. Fundi akaweka mikono mapajani akaitazama mvua.

Nikashindwa kuvumilia. Nilimsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, hawajahama. Ni mimi. Niliwaziba jana kwa sabuni."

Akanigeukia polepole. "Uliwaziba?"

"Matundu yote."

"Kwa nini, Tatu?"

"Walimzunguka Mama."

Akatoa kicheko kifupi, cha kuchoka, kisichokuwa na ubaya. "Kwa hiyo mimi hapa napofuka kwa ajili ya sabuni yako." Akanishika bega. "Usimwambie Bibi. Utamvunjia heshima yake. Mimi nitasogea mbele kidogo, nipate mwanga tu wakati yeye anaswali adhuhuri, akitoka nitarudi."

Na hapa ndipo panaponirudia mpaka leo. Wakati anainua cherehani yake nilikikumbuka kile kijiti. Nilikumbuka jinsi kilivyozama na jinsi kilivyotoka na maji. Neno lilikuwa mdomoni: Fundi, mbao ndani ni laini. Lakini nilikuwa nimeshakiri jambo moja, nimesamehewa, bega langu limeguswa, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaona nikiongeza la pili nitaharibu. Nikanyamaza.

Aliiweka cherehani mahali pake pa siku zote, na rundo la mashati ya shule kando yake. Akainama kuweka sawa mguu mmoja uliokuwa ukicheza.

Watu hufikiri mbao kubwa huvunjika kwa mlio mkubwa. Ile haikulia. Ilitoa sauti ndefu, ya chini, kama mtu mnene anayeketi kwenye kitanda cha kamba. Majora yalishuka kwanza. Kisha boriti ikakatika katikati na mabati yakaifuata pamoja na maji yote yaliyokuwa juu yake, na baraza yetu ikawa haipo.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Wachukuzi waliokuwa wamejikinga mvua duka la pili walikuja mbio, wanne au watano, wakaanza kuvuta mabati. Fundi Komba alikuwa chini, ubavu mmoja ukutani. Kipande kikubwa cha boriti kilikuwa kimeangukia chuma cha cherehani kikakwama hapo, kama shibiri mbili juu ya kifua chake. Mguu wake wa kushoto haukuwa na bahati hiyo. Alikuwa macho. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto yuko wapi?"

"Yupo, mzima," mmoja akajibu.

Ndani ya boriti iliyopasuka niliona vyumba vyao. Njia ndefu, laini, moja juu ya nyingine, zimegawanywa kwa kuta nyembamba za unga wa mbao, na mbao iliyobaki kati ya njia na njia ilikuwa imelowa na kugeuka nyeusi. Hapakuwa na boriti. Palikuwa na ganda tu. Dudu vule waliolowa walikuwa wakitambaa juu ya mashati meupe ya shule, wakijaribu kukausha mabawa.

Bibi alitoka na kanga yake ya kuswalia. Alitazama fundi, akatazama mbao. Akainama akaokota kitu, kitambaa kidogo cha kaki kilichogandishwa na sabuni. Akakifumba kiganjani. Macho yetu yakakutana.

"Kalete godoro la mama yako," alisema.

Walimlaza juu ya godoro, godoro juu ya mkokoteni, wakamfunika kwa turubai, wakamsukuma hospitali katikati ya foleni, mmoja mbele akipaza sauti, "Mgonjwa, njia." Bibi aliambatana nao kwa miguu, mvuani.

Mtaa mzima ulisema Bibi alitabiri. Watu walikuja kuona mbao, wakamtazama kwa macho mengine, hata wasiowahi kumsalimia walisimama kumpa shikamoo. Alikuwa akiitikia tu. Hakukanusha, wala hakujisifu. Siku ya tatu aliniita chumbani akaweka kile kitambaa kitandani kati yetu.

"Kwa nini?"

Nikamwambia juu ya Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja fimbo, haikuja. Alisema, "Mimi ndiye niliyekutia hofu ile." Kisha akaniambia nikamwite seremala.

Seremala alikaa siku mbili, akigonga kila mbao ya nyumba kwa nyundo na kusikiliza. Alitoa nguzo moja na kenchi tatu za paa. Mbao mpya zote zilipakwa rangi nzito, na dudu vule walipokuja, wakazunguka wakaenda zao, Bibi aliwatazama tu, akaendelea na kahawa yake. Sikumsikia tena akimtaja mwenyewe wa nyumba ndani ya mbao. Hospitali alikwenda kila siku na uji. Mara moja nilifuatana naye, nikamsikia akimwambia Fundi Komba, "Miaka mitatu uliniambia. Sikukusikia. Niwie radhi." Naye fundi akageuza uso ukutani, kwa sababu mtu mzima hataki kuonekana akilia mbele ya mama wa watu.

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Alijifunza kukanyaga cherehani kwa wa kulia.

Bibi ametangulia mbele ya haki zamani. Fundi Komba yuko Ilala, ana chumba chake cha kazi, na wajukuu. Mwaka jana nilimpelekea suruali za mwanangu apunguze, na tulipokuwa wawili tu nikamwambia habari ya kijiti. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Nilimwambia kilivyozama, kilivyotoka na maji, na jinsi neno lilivyofika mdomoni nikalimeza.

Aliacha kupima. Alikaa na ile futi mabegani, akitazama nje.

"Hilo uliniachia kwa muda mrefu," alisema.

"Nilikuwa naogopa."

"Najua." Akaishusha futi mabegani. "Ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, nilijua mbao imekwisha. Niliyasema hayo mwenyewe, kila mwaka. Na bado nilirudi kukaa chini yake, kwa sababu wewe uliniambia ya Bibi hayakuwa kweli."

Akaendelea kupima suruali. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakuna la kusamehe, na nilimshukuru kwa yote mawili.

Nimeshasikia watu wakibishana kuhusu imani za wazee, wengine wakizicheka, wengine wakizitetea. Sina nguvu ya kuingia. Imani ya Bibi iliifanya ile mbao iliwe miaka yote bila kuguswa, na imani hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Mama chumba cha mbele, ambacho dirisha lake lilifunikwa na mabati mchana ule. Siwezi kuipigia makofi wala kuitupa. Ninachoweza kukipima ni changu. Siku ile nilikuwa na kweli mbili. Nilitoa ile iliyokuwa ikinilemea mimi, nikabaki na ile iliyomhusu yeye. Mpaka leo, ninapomaliza kukiri jambo kwa mtu na moyo ukawa mwepesi haraka, husimama kidogo kabla sijaondoka, nikajiuliza kama nimesema la kwangu tu.